Mdogo Wangu na Jicho la Wodini

Sista Mkuu wa wodi ya wanawake alinipandisha kitandani kwa mgonjwa ili mashine isome pumzi zangu badala ya zake, na mgonjwa alipokufa akasema nilipanda mwenyewe, kwa ukaidi wangu. Mgonjwa huyo alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Mama yetu alimwamini Sista. Hilo ndilo nililotendewa, na naliweka mbele kabisa ili mtu asije akadhani anasoma habari za mashine.

Mdogo wangu tulimwita Cherehani. Cherehani yenyewe hakuwa nayo. Alishona magodoro kwa mkono, kwa sindano ndefu kuliko kidole cha kati, kwenye chumba cha nyuma cha duka la mumewe. Jina alilipata kwa mdomo wake, kwa sababu ukishamkanyagia mguu hasimami mpaka uzi uishe. Mteja akibonyeza godoro na kuuliza kama litadumu, yeye alijibu bila kuinua macho, "Litadumu kuliko ndoa yako." Siku moja alimjibu hivyo mama aliyekuwa ametoka kuachwa. Yule mama akalia pale pale juu ya magunia ya usufi. Cherehani akamtazama, akamaliza mshono, akasema, "Lia upande ule, godoro likiloa sitalirudia." Kisha akampunguzia bei, na alipoondoka akanifokea mimi kwa kuwa nilikuwa nimeona.

Ndivyo alivyokuwa. Wema wake alikuwa akiutoa kama mtu anayetapika.

Mama alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja. Mimi ndiye mkubwa, ilikuwa nitangulie mimi. Lakini mkubwa ndiye anayeweza kubeba ndoo na kukoroga chungu, kwa hiyo nilibaki nikabeba na kukoroga, shule akaenda yeye. Alisoma mpaka pale fedha za mama zilipogoma, halafu akaolewa na muuza magodoro, na elimu yote ile ikaishia kwenye usufi. Mama hakulikubali hilo. Kwake Cherehani aliendelea kuwa msomi, na mimi nikaendelea kuwa yule wa ndoo. Tukitembea njiani, mdogo wangu alinisomea mabango, na kila bango lilikuwa na lake. "Hapa pameandikwa wajinga wasipite. Dada, wewe zunguka." Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka, kwa sababu usipocheka unaambiwa una wivu.

Herufi nilizo nazo alinipa yeye, tukiwa watu wazima, huko nyuma ya duka, kila herufi na tusi lake. Nikikosea alinichoma kiganjani kwa ncha ya sindano. Hakuna mwingine aliyewahi kukaa chini anifundishe kitu.

Usufi una vumbi jepesi ambalo halitui. Jua likiingia dirishani mwa kile chumba, hewa yote ilionekana kama imemwagiwa unga. Cherehani alilivuta vumbi hilo miaka na miaka na kitambaa kikiwa shingoni, maana alisema akikifunga puani hataweza kusema. Alianza kukohoa. Mumewe, shemeji yangu, mtu mpole anayeogopa gharama kuliko kifo, alimletea dawa ya maji ya kikohozi chupa baada ya chupa. Siku aliyoshindwa kuvuta sindano itoke upande wa pili wa godoro ndipo alipokubali kupelekwa hospitali. Wakasema ni mapafu, yamejaa, alazwe.

Mama magoti yalikuwa hayamruhusu kukaa wodini. Shemeji alisema duka halina mtu. Wote wawili wakanigeukia mimi, kama ndoo inapokuwa tupu.

Wodi ile ilikuwa ndefu, vitanda upande huu na upande ule, ukuta umepakwa rangi ya bluu mpaka usawa wa kiuno. Juu ya kila kitanda palibanwa kisanduku cheupe chenye ukubwa wa sahani, kimeinama kumtazama mgonjwa. Kilikuwa kipya. Wagonjwa walikiita Jicho. Hakikuwa na waya wa kumfunga mtu wala mpira wa kubana mkono; kilitazama tu kifua kikipanda na kushuka, kikajua unapumua mara ngapi na moyo unakwendaje, kikapeleka habari kwenye kioo kilichokuwa mezani kwa wauguzi. Chini yake palikuwa na taa. Ya kijani, mambo mazuri. Ya njano, angalia. Ya nyekundu ilikuja na mlio wa kupasua masikio.

Siku ya kwanza fundi wa mitambo alipita kutuelekeza. "Hakimgusi mtu," alisema. "Kinaona kifua tu."

"Kinaona kifua?" Cherehani aliuliza, sauti imekauka lakini mdomo ni ule ule. "Basi kwenye kitanda cha yule mama pale kitapofuka."

Yule mama aliyetajwa, mwenye kifua chake kweli, alicheka mpaka akakohoa, taa yake ikawa ya njano. Wodi nzima ikacheka. Bibi wa kitanda cha dirishani, jirani yetu wa karibu, alisema, "Mjukuu wangu, ukipona wewe tutakukosa." Cherehani akamjibu, "Bibi, wewe ndiye utakayekosekana, mimi bado mbichi." Bibi akacheka tena. Nayaandika haya ili ijulikane kwamba Bibi alimpenda.

Kabla ya Jicho, waliokuwa wenyeji wa wodi walisema, wauguzi walikuwa wakizunguka kitanda kwa kitanda, wakishika mkono, wakiweka sikio. Baada ya Jicho walikaa mezani. Siwalaumu kwa kukaa. Walikuwa wachache na miguu yao ilikuwa imevimba kama ya wajawazito. Nawalaumu kwa kilichofuata.

Mdogo wangu alikuwa amekonda, na pumzi yake ilikuwa fupi, ya juu juu, kama ya ndege aliyeshikwa. Jicho lilimpoteza mara kwa mara. Likimpoteza lilipiga kelele. Muuguzi alikuja, akamtazama, akamkuta anapumua, akabonyeza kitufe, akarudi mezani. Hajakaa vizuri, linapiga tena. Mwanzo walikuja mbio. Baadaye walikuja wakitembea. Mwisho walikuja wakisonya.

"Huyu mgonjwa wako anatutesa," mmoja aliniambia, kana kwamba ni mimi niliyekifunga kile kisanduku ukutani.

Dawa ya makelele ilikuwa imeshapatikana kabla yetu, tena kwa bahati. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimuuguza mama yake alichoka, akajilaza pembeni yake kitandani, na Jicho lililokuwa likipiga tangu asubuhi likanyamaza. Lilikuwa limeona kifua kizima, kinachopanda na kushuka kama inavyotakiwa, likaridhika. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya wodi. Mgonjwa akisumbua, ndugu yake aliambiwa kwa sauti ya chini: mpandie. Wenyewe waliita kutuliza Jicho. Hakuna aliyeona ajabu. Watoto wachanga hutulizwa kwa kulaliwa karibu, basi hata mashine.

Zamu yetu ilifika mchana, baada ya chakula, saa za kuona wagonjwa zimekwisha na wageni wametoka. Jicho lilikuwa limepiga, likazimwa, likapiga. Sista Mkuu mwenyewe akaja. Ni mwanamke wa umri wangu, mnene, msafi, anayenukia sabuni. Viatu vyake havitoi sauti. Alibonyeza kitufe, akanitazama.

"Dada, kwa nini unakaa kwenye kigoda wakati kitanda kina nafasi?"

"Nisimbane, Sista."

"Humbani. Mpandie. Lala naye, kitanyamaza, na yeye apate usingizi. Na mimi nipate kuandika, maana tangu asubuhi sijaandika kitu."

"Inaruhusiwa?"

"Nani anakuambia hapa, mimi au ukuta?"

Bibi wa dirishani alikuwa macho, ameegemea mto, anatutazama. Alisema hata, "Panda, mwanangu, utupumzishe masikio."

Nilivua ndala, nikapanda. Cherehani alikuwa amegeukia ukutani. Nikalala nyuma yake, kifua changu mgongoni kwake, mkono wangu juu yake kama tulivyolala utotoni kwenye mkeka mmoja. Mifupa ya mgongo wake niliisikia mmoja mmoja. Jicho likatafuta kidogo, taa ikawa ya njano, halafu ya kijani. Kimya. Sista Mkuu akasema, "Umeona?" akaenda zake.

"Una joto kama tanuri," mdogo wangu alisema kuelekea ukutani.

"Nishuke?"

"Kaa. Angalau leo una faida."

Akavuta hewa. Kisha akasema, "Dada, nasikia kama gunia limewekwa hapa kifuani. Gunia la pamba iliyoloa."

Niliinua kichwa. "Sista! Anasema kifua kinamlemea!"

Sista Mkuu aliangalia kioo, hakuniangalia mimi. "Huku ni kijani. Pumzi nzuri, moyo mzuri. Mwache alale."

"Lakini mwenyewe anasema..."

"Mama, ikiwa kijani ni kijani."

Pumzi nzuri zilikuwa zangu. Moyo mzuri ulikuwa wangu. Mdogo wangu alicheka kicheko kidogo kisicho na sauti, nikakihisi kwa tumbo tu. "Msikilize," alisema. "Amesoma huyo." Hilo ndilo neno lake la mwisho, na nyumbani kwa mama hakuna anayetaka kulisikia, kwa sababu msomi wao alipaswa kufa na neno zuri.

Baadaye alitulia. Nikashukuru kwamba amepata usingizi. Nililala pale bila kujitikisa, hata mkono ulipokufa ganzi sikuutoa, nisije nikamwamsha. Mgawa chai akaingia na toroli lake, vikombe vinagongana, akaita, "Wa kikombe aje na kikombe!" Nikateremka polepole kuchukua kikombe chini ya kitanda.

Miguu yangu ilipogusa sakafu Jicho lilipiga. Taa nyekundu, mlio mrefu.

Muuguzi wa mezani hakuinuka. Sista Mkuu aliinua kichwa kutoka kwenye maandishi yake, akapaza sauti kwa wodi nzima isikie: "Rudi kitandani bwana, unatupigia kelele!"

Nikarudi. Nilipanda tena, nikalala nyuma ya mdogo wangu, nikamwekea mkono. Jicho likatafuta, likaona kifua kinapanda na kushuka. Likanyamaza. Taa ikawa ya kijani. Na chini ya mkono wangu hapakuwa na kitu kinachokwenda. Shingo yake ilikuwa imepoa kama kikombe kilichosahauliwa. Nilimgeuza. Macho yalikuwa wazi, yanatazama rangi ya bluu ya ukuta.

Sikupiga yowe mara moja. Nililala pale nikiitazama ile taa ya kijani, nikisubiri ibadilike, nikijua kwamba haitabadilika mradi mimi ni mzima. Halafu ndiyo nikapiga yowe.

Walikuja wote, safari hii mbio. Sista Mkuu alinivuta kwa mkono nishuke, akafunga pazia. Nilisikia wanambonyeza kifua, nikasikia Daktari anauliza, "Tangu lini?" na sauti ya Sista Mkuu ikijibu, "Kioo kilikuwa kijani muda wote, Daktari." Hakusema uongo hapo. Uongo ulikuja kesho yake.

Kesho yake tuliitwa ofisini kwa Daktari: mama, shemeji na mimi. Sista Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya meza. Mama alipewa kiti. Shemeji alisimama akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na alitaka tumalize. Alisema mashine ilisoma mtu mwingine. Akasema mgonjwa alikata pumzi bila wauguzi kujua, kwa kuwa palikuwa na mtu kitandani.

Mama akageuka taratibu kunitazama.

"Aliniambia nipande," nilisema. "Huyu hapa. Alisema kitanyamaza."

Sista Mkuu aliweka mkono kifuani. "Mimi? Dada yangu, mimi nimekula kiapo. Tunawakataza kila siku. Mpaka picha tumebandika mlangoni, kwa ajili ya wale wasiojua kusoma." Akamgeukia mama, sauti ikalainika kama mafuta. "Mama, si kosa lake sana. Mtu ambaye hakwenda shule anaelekezwa, anaitikia, halafu anafanya lake."

Mama aliitikia kwa kichwa. Hiyo habari aliijua miaka mingi. Alikuwa anaambiwa tu na mtu mwenye sare.

Picha kweli ilikuwepo mlangoni. Watu wawili kitandani, na mstari mwekundu umewakata. Gundi ya karatasi ilikuwa bado inang'aa, na pembe moja ilikuwa haijashika. Niliwaonyesha. Shemeji aliigusa ile pembe kwa kidole, akaona kidole kimenata, akakifuta kwenye suruali, akasema, "Shemeji, tusiongeze matatizo. Mwili bado haujatoka." Alitaka kibali cha kumchukua mkewe. Aliyekishika kibali ni Sista Mkuu.

Nikasema Bibi wa dirishani alisikia kila kitu. Tukaenda wote mpaka kitandani kwake. Kitanda cha mdogo wangu kilikuwa kimeshalazwa mwingine, Jicho linamtazama. Daktari akainama. "Bibi, jana ulimsikia Sista akimwambia huyu mama apande kitandani?"

Bibi alimtazama Daktari, akamtazama Sista Mkuu aliyesimama miguuni pake na trei ya sindano, akanitazama mimi.

"Jana?" alisema. "Jana nilikuwa nimelala, wanangu. Dawa zinanilaza sana."

"Bibi, wewe ndiye uliniambia nipande, upumzike masikio!"

"Labda ulisikia kwa mwingine, mwanangu."

Wala simchukii. Usiku ule alikuwa abaki pale, na kesho, na keshokutwa, na mwenye sindano ni yule yule. Lakini simsamehe. Vitu viwili hivyo vinakaa pamoja bila kugombana.

Tulipotoka nje, pale kwenye ngazi za hospitali, watu wakipita na vikapu vyao vya chakula cha wagonjwa, mama alisimama. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Ulimwonea wivu wa shule tangu mdogo," alisema. "Ukaona haitoshi. Ukamnyang'anya na pumzi."

Shemeji alitazama viatu vyake. Mama akamshika mkono yeye, si mimi, wakateremka ngazi. Msibani walinipa kazi ya maji. Kuingia chumbani alikolazwa mdogo wangu nilikatazwa na wanawake wawili waliokaa mlangoni. Walisema ni amri ya mama. Nilibeba ndoo, nikamimina, nikabeba. Watu walinywa maji yangu wakinong'ona kunihusu, vikombe mdomoni.

Tangu siku hiyo mama hali chakula cha mkono wangu. Nikimpelekea chakula anamwita mtoto wa jirani, anampa mbele yangu. Ananiita "wewe". Zamani aliniita kwa ukali, lakini aliniita.

Nilimtafuta Sista Mkuu. Sikwenda kufanya fujo, maana walinzi walishaambiwa sura yangu. Nilimkuta siku ya mapumziko yake dukani kwa muuza vitambaa, anachagua pazia. Hakushtuka. Alimwambia muuza duka apumzike kidogo, akanivuta pembeni, katikati ya mabunda ya nguo.

"Dada, pole," alisema. "Najua. Mimi si mnyama."

"Kama unajua, kamwambie mama yangu."

"Nikisema nitafukuzwa. Nina watoto wanasoma."

"Mama yangu alikuwa na watoto wawili. Siku ile aliwapoteza wote."

Alikunja ncha ya pazia alilokuwa bado amelishika. Kisha akauliza swali ambalo wote wa aina yake huuliza: "Hata nikisema, atafufuka?"

"Hatafufuka. Sijaja kwa ajili yake."

"Tulikuwa tumechoka," akasema. "Kile kitu kilikuwa kinatuua kwa makelele. Wewe hujui kusimama siku nzima." Machozi yakamtoka, machozi ya kweli, akayafuta kwa ncha ya pazia ambalo alikuwa hajalilipia. Halafu akarudi kwa muuza duka, akaendelea kuuliza kama lile la maua linafuliwa bila kuchuja rangi.

Jicho bado lipo. Nasikia wodini siku hizi picha imewekewa kioo na fremu, na ndugu wanaambiwa wakae nje, na wagonjwa wanakufa wenyewe kwa taa nyekundu kama inavyotakiwa. Sista Mkuu amepandishwa cheo. Anasimamia wodi zaidi ya moja. Shemeji ameoa, na mke mpya anajaza usufi kwenye kile kile chumba. Hayo si yangu.

Langu ni moja. Sista Mkuu ananidai kimya, mimi namdai maneno: aje nyumbani kwa mama yangu, akae kwenye kile kiti cha mbao karibu na mlango, aseme kwa mdomo wake, "Mimi ndiye niliyemwambia apande." Asiongeze pole. Asilie. Mama ameanza kusahau majina ya watu, na kusikia kwake kumebaki sikio la kushoto. Aje sikio hilo likiwa bado linafanya kazi. Akichelewa atakuja kuniambia mimi peke yangu, na mimi sina haja ya kuambiwa. Mimi nilikuwepo.